Sabuni Bila Mizani

Pita kwenye genge lolote la Mbagala, Morogoro mjini au Mwanza, utaziona zimepangwa mstari mbele ya nyanya na vitunguu: chupa za maji ya kunywa zilizobanduliwa nembo zao, sasa zimejaa sabuni ya maji ya kijani, bluu au waridi. Haikutoka kiwandani. Imekorogwa na mama wa mtaa wa pili, uani kwake, kwenye ndoo ya lita 20, na mteja anainunua kwa sababu bei yake inabebeka, anamfahamu anayeitengeneza, na kila nyumba hufua.

Biashara hii imeenea kwa sababu zinazoeleweka. Mtaji wake si mkubwa. Malighafi zinapatikana Kariakoo na katika maduka ya kemikali ya miji karibu yote. Bidhaa haiozi kesho kama samaki au mboga. Vikundi vya vikoba vimeibeba, makanisa na misikiti yameifundisha, na mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imesaidia vikundi vingi vya ujasiriamali mdogo kama huu. Kuna watoto wanaosoma kwa fedha za ndoo hizo.

Kazi hii naiheshimu, na ndiyo maana linaloikosesha haki yake inabidi lisemwe wazi. Akina mama wanaofundishwa kutengeneza sabuni wanapewa orodha ya vitu, hawapewi kipimo. Wanaambiwa waweke nini, hawaambiwi kwa nini. Mkufunzi anakuja asubuhi, anakoroga ndoo moja mbele ya watu 40, anagawa karatasi yenye "vijiko" na "vikombe", na jioni ameondoka. Wiki mbili baadaye ndoo ya kwanza ya nyumbani inatoka nyepesi, au inakwaruza mikono, na mama anadhani ana mkosi. Hana mkosi wowote. Amekosa mizani, na amekosa mtu wa kumweleza kinachotokea ndani ya ndoo.

Kinachotokea ndani ya ndoo

Tuanzie hapo uani. Kwenye ndoo kavu ya plastiki inamiminwa salfoniki, majimaji ya kahawia iliyokolea, mazito kama asali, yenye harufu inayokereketa puani. Kando yake kuna sless, ujiuji mweupe unaovutika ukiinua mwiko. Mjini Nairobi wauzaji huziita Ufacid na Ungerol, lakini ni vitu vilevile. Kwenye ndoo nyingine soda ash, yaani magadi yaliyosafishwa, yamelowekwa tangu jana yake hadi yakayeyuka na maji yakapoa.

Mama anamimina maji ya magadi kidogokidogo juu ya salfoniki huku akikoroga. Hapo mambo yanaanza. Povu linapanda kwa kasi, linachemka kwa sauti ndogo, na ukigusa ndoo kwa nje utahisi joto. Rangi ya kahawia inafifia, inakuwa ya maziwa. Wengi hufurahia povu hilo wakiamini ndiyo sabuni inajitengeneza kwa nguvu. Povu lile ni hewa ukaa inayotoka pale asidi inapokutana na magadi. Salfoniki ni asidi kali, magadi ni kinyume chake, na vikikutana vinamalizana. Matokeo ya kumalizana huko ni chumvi ya salfoniki, ambayo ndiyo kiini cha usafi wa sabuni ya maji na cha sabuni nyingi za unga zinazouzwa madukani.

Ukishalielewa hilo, swali kubwa linajileta lenyewe. Kiasi gani cha magadi kinatosha kumaliza asidi yote bila kubakiza ziada ya kudhuru?

Jibu lipo, na halihitaji kubahatisha. Kilo 1 ya salfoniki ya kawaida humalizwa na gramu 160 hivi za soda ash safi. Ukiweka gramu 200 unakuwa na ziada ndogo, na ziada hiyo ina faida: inalainisha maji na kusaidia kung'oa mafuta kwenye nguo. Ukiweka gramu 100, asidi inabaki. Nguo za pamba zikilowekwa humo mara kwa mara nyuzi zinadhoofika, zipu zinashika kutu, na vidole vinawasha. Ukiweka gramu 400, umevuka upande wa pili. Ngozi ya viganja inakauka na kupasuka, na vitambaa vya hariri na sufu vinaharibika.

Sasa tazama ile karatasi ya semina inayosema "soda ash vijiko nane". Soda ash inauzwa kwa aina mbili, nyepesi na nzito. Nyepesi ni unga laini unaopeperuka. Nzito ni chembechembe zinazofanana na sukari. Kijiko kilekile kikijazwa ile nzito hubeba karibu maradufu ya uzito wa ile nyepesi. Mama akinunua mwezi huu duka hili na mwezi ujao duka jingine, anaweza kuweka vijiko nane vilevile, kwa uaminifu wote, na kupata sabuni mbili zisizofanana hata kidogo. Mkono wake haukukosea. Kipimo alichopewa ndicho kibovu.

Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu inamaliza tatizo hilo. Karatasi za kupimia asidi zinazobadilika rangi zinathibitisha jibu. Kwa kipimo cha pH, sabuni ya kufulia kwa mikono ikisoma kati ya 8 na 9 iko salama. Ikisoma chini ya 7 asidi bado ipo, ongeza maji ya magadi kidogo, koroga, pima tena. Ikisoma 11 umezidisha.

Chumvi, povu na mkono wa kulia

Baada ya asidi kumalizwa, sless inachanganywa, maji yanaongezwa hadi lita 20, na mama anaanza kunyunyiza chumvi ya mezani iliyoyeyushwa. Sabuni inaanza kuwa nzito. Anaongeza, inazidi kuwa nzito. Anaongeza tena ili ipendeze zaidi, na ghafla inalegea na kuwa majimaji. Hapa ndipo wengi hulia, na wengine huamini kuna jicho baya limepita uani.

Chumvi hukaza sabuni ya aina hii hadi kufikia kilele. Ikivuka hapo, hiyohiyo chumvi inaivunja, na chumvi zaidi haiponyi. Dawa ni kuongeza maji na sless, au kuichanganya na ndoo nyingine isiyo na chumvi. Kinga ni kuichukua sabuni kidogo kwenye kikombe, kujaribu chumvi humo kwanza, na kuandika gramu zilizotosha. Daftari la namna hiyo, likitunzwa kwa mwaka mmoja, lina thamani kuliko semina tatu.

Kuna kanuni nyingine utaisikia kila mahali: koroga upande mmoja tu, ukibadili upande sabuni inakatika. Kemia haijui upande wa kulia wala wa kushoto. Kukoroga taratibu bila kurudirudi kunasaidia kwa jambo moja, hewa haiingii sana na sabuni haijai povu. Ukichoka mkono, badili.

Povu nalo linahitaji kuzungumziwa kwa uwazi, kwa sababu wateja wanalidai na watengenezaji wanalitafuta kwa gharama. Povu linaonyesha kwamba kuna kitu cha kusafisha kwenye maji, lakini wingi wake haupimi usafi. Kinachong'oa uchafu ni chembe za sabuni ambazo upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji, hivyo mafuta yanaachia kitambaa na kuondoka na maji ya suuzo. Kazi hiyo inafanyika chini ya povu. Mtengenezaji anayeongeza viungo vya povu kupita kiasi anamwongezea mteja kazi ya kusuuza na kumaliza maji ambayo pengine yamenunuliwa kwa dumu.

Maji ya kisima yanavyokataa sabuni

Watu wa Dar es Salaam wanaochota visima vya karibu na pwani wanaifahamu kero hii, na Dodoma na Singida wanaifahamu vilevile. Unasugua mche wa sabuni, povu halitoki, na juu ya maji unaelea utando wa kijivu. Nguo nyeupe zinafubaa, sare za shule zinakuwa na rangi ya vumbi ingawa zimefuliwa kila Jumamosi.

Maji hayo ni magumu, yana madini ya kalisi na magnesi kwa wingi. Sabuni ya mche, inayotokana na mafuta, ikikutana na madini hayo inashikana nayo na kuganda. Sabuni ya kwanza yote inaliwa na madini, na ni baada ya madini kwisha ndipo povu linaanza. Utando wa kijivu ni sabuni yako iliyokufa, na sehemu yake inajificha kwenye nyuzi za nguo.

Unaweza kulithibitisha nyumbani bila maabara. Chukua chupa mbili, moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima. Kila moja weka kipande kidogo cha mche kilichokwaruzwa, kiasi kilekile, kisha tikisa. Tofauti itaonekana kwa macho kabla hujaweka chupa chini.

Sabuni ya maji ya salfoniki inavumilia maji magumu kuliko mche, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake uswahilini. Kwa anayetaka kubaki na mche, magadi ndiyo msaada. Kijiko kimoja cha chakula cha soda ash kikiyeyushwa kwenye beseni la maji kabla ya kutia sabuni, kikaachwa kwa dakika kadhaa, hushika madini yale na kuyaangusha. Sabuni inayofuata inafanya kazi yake.

Hapo ndipo inapozaliwa sabuni ya maji iliyo rahisi kuliko zote, isiyohitaji asidi, ambayo kila nyumba inaweza kuitengeneza kwa matumizi yake. Kwaruza gramu 200 za mche, yeyusha kwenye lita 2 za maji ya moto, hamishia kwenye ndoo ya plastiki, ongeza gramu 100 za soda ash iliyokwisha kuyeyushwa, kisha jazia maji hadi lita 10 na koroga. Ikilala usiku kucha inaganda kidogo, itikise kabla ya kutumia. Inafaa nguo za kila siku, hasa ukiwa na maji ya mvua au ya bomba yasiyo magumu. Kwenye maji magumu sana itafubaza nguo nyeupe baada ya muda, na hilo anayeiuza anapaswa kumwambia mteja wake kabla hajanunua.

Mawese, nazi na kostiki

Kigoma wana hazina yao. Mawese yanayobaki baada ya chakula yamekuwa yakigeuzwa sabuni huko kwa miaka mingi, na zamani mahali pa kostiki, yaani caustic soda, palikuwa na majivu. Majivu yana potashi, na sabuni ya potashi huwa laini, haishiki umbo la mche mgumu. Kostiki ndiyo iliyoleta mche unaosimama. Pwani kuna nazi, na sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa ambayo mabaharia waliijua: inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Kwa mwenye kisima cha maji ya chumvi Mafia, Tanga au Pemba, hiyo ni habari ya kufanyia kazi.

Lakini mafuta hayafanani katika kudai kostiki. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183 hivi za kostiki ili yote igeuke sabuni. Kilo 1 ya mawese inahitaji 141 hivi. Watengenezaji makini hupunguza kama asilimia 5, yaani karibu gramu 174 kwa nazi na 134 kwa mawese, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki isibaki kabisa. Mtu akichukua kipimo cha nazi na kukitumia kwenye mawese, anabakiza zaidi ya gramu 30 za kostiki isiyo na kazi katika kila kilo ya mafuta. Mche utakuwa mzuri kwa macho, na utaunguza viganja vya atakayefulia.

Muda nao ni kipimo. Mche uliotengenezwa bila kuchemshwa unahitaji wiki 4 hadi 6 kwenye rafu yenye hewa kabla ya kuuzwa. Unakauka, unakuwa mgumu na haumalizwi haraka na maji. Anayeuza baada ya siku tatu anauza maji, na kostiki huenda haijamaliza kazi yake.

Kuna sheria za kostiki ambazo hazina mjadala. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kidogokidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu yanachemka papo hapo na kuruka usoni. Vaa glovu za mpira na miwani. Kaa nje, upepo ukiwa nyuma yako. Na usitumie sufuria. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini, na kostiki huila alumini, inatoboa chombo na kutoa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu, na chombo hicho kisirudi jikoni tena.

Chupa ya maji na mtoto mwenye kiu

Jambo ninalolihofia kuliko yote katika kazi hii ni chupa. Kostiki iliyoyeyushwa haina rangi. Ikiwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto aliyetoka kucheza juani hawezi kuitofautisha. Funda moja huunguza mdomo, koo na umio. Mtoto akipona, kovu linaloachwa hubana njia ya chakula, na anaweza kuishi miaka akirudi hospitali kupanuliwa umio ili aweze kumeza uji. Madaktari wa upasuaji wa watoto katika hospitali zetu kubwa wanawafahamu watoto hawa.

Kwa hiyo kostiki, salfoniki na maji ya magadi makali yakae kwenye madumu yaliyoandikwa kwa rangi nzito, yenye kifuniko, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ajali ikitokea, usimlazimishe mtoto kutapika, kwa sababu kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe limau wala siki. Suuza mdomo kwa maji na kimbiza hospitali, ukibeba chombo alichonywea. Kemikali hizo zikiingia machoni au kumwagikia ngozi, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kuacha, kisha nenda hospitali.

Mengine mawili yanafaa kutajwa hapa. Wapo wanaotia dawa ya kung'arisha yenye klorini kwenye ndoo ya sabuni ili nguo nyeupe zing'ae. Klorini hiyo ikikutana na asidi ambayo haijamalizwa hutoa hewa ya sumu inayoshika kifua, na katika chumba kidogo inaweza kuua. Visichanganywe. Wapo pia wanaotumia fomalini, ile inayohifadhi maiti, ili sabuni isichachuke. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka fomalini kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa biashara ya mtaa dawa bora ni kutengeneza kinachouzika ndani ya wiki chache, kutumia maji safi yaliyochemshwa na kupoa, na kuosha chupa vizuri kabla ya kujaza.

Magadi tunayo

Wakati mama wa Mbagala anabahatisha vijiko vya magadi, Bonde la Ufa limejaa magadi. Upande wa Kenya, kampuni ya kuchimba magadi ya Ziwa Magadi, Kajiado, ilianza mwaka 1911, na reli ilijengwa kwa ajili ya mzigo huo. Upande wa Tanzania kuna Ziwa Natron, ambako mpango wa kujenga kiwanda ulipingwa vikali katika miaka ya 2000 kwa kuwa ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana, na baadaye macho yakaelekezwa Engaruka, wilayani Monduli, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC.

Mchemsha maharage wa Kigogo au Kichaga anayajua magadi kwa kizazi cha ngapi sijui. Yale ya jikoni yana uchafu na chumvi nyingine, hivyo gramu 160 za soda ash safi hazilingani na gramu 160 za mawe ya magadi ya sokoni. Lakini umahiri wa kuyatumia uko kwenye mikono yetu tayari. Kinachokosekana ni kuuunganisha na kipimo, ili siku magadi ya Engaruka yatakapofika sokoni yakute watengenezaji wanaojua wanachonunua.

Kufua nako ni ujuzi

Sabuni nzuri inaweza kupotezwa na ufuaji mbaya. Ndoo ya lita 20 yenye kilo 1 ya salfoniki na nusu kilo ya sless ina nguvu ya kutosha, na vijiko vitatu au vinne vya chakula kwenye beseni la lita 10 vinafaa kwa nguo za kawaida. Anayemimina robo chupa anatupa fedha na kujiongezea suuzo.

Kuloweka kunafanya nusu ya kazi. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Kuloweka usiku kucha kunazirudishia nguo uchafu uliokwisha kutoka, na batiki na khanga mpya zitaachia rangi, hivyo zifuliwe peke yake kwanza. Doa la damu au maziwa hufuliwa kwa maji baridi, kwani maji ya moto huligandisha. Doa la mafuta ya kupikia hupakwa sabuni ya maji bila maji, likaachwa dakika kumi, ndipo likafuliwa. Nguo nyeupe zianikwe juani, jua linang'arisha na kuua vijidudu. Za rangi zigeuzwe ndani nje na kuanikwa kivulini.

Na maji machafu yaende wapi? Mwanzoni sabuni za salfoniki zilikuwa na muundo ambao bakteria hawakuweza kuuvunja, hadi mito ya Ulaya na Marekani ikawa inabeba milima ya povu. Katika miaka ya 1960 viwanda vilibadili muundo huo, na salfoniki ya leo huoza ikiwa kuna hewa na muda. Mtoni na ziwani inaweza kuua samaki kabla haijaoza. Anayefua kando ya Ziwa Victoria au mto wa kijijini achote maji, afulie mbali na ukingo, na kumwaga kwenye ardhi kavu. Asimwage kila siku kwenye bustani ya mchicha, kwa sababu sodiamu ya magadi na chumvi inaifanya ardhi kuwa ngumu.

Wanachostahili kufundishwa

Kwa miaka mingi mtaala wa kemia wa kidato cha tatu umekuwa na mada ya ugumu wa maji, na mada ya asidi na besi. Mwanafunzi anasimama maabara na kudondosha asidi tone kwa tone hadi rangi ibadilike, anahesabu, anaandika jibu, anapata alama. Anarudi nyumbani na kumkuta mama yake akifanya jambo hilohilo kwa ndoo, kwa kijiko na kwa kukisia, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni somo moja. Shule ya kata ina maabara. Mtaa una watengeneza sabuni. Mwalimu wa kemia, Jumamosi moja, angeweza kufanya kwa vikundi vya kata yake kile ambacho semina nyingi hazijafanya.

Taasisi za kazi hiyo zipo. SIDO imekuwepo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. TBS inatoa alama ya ubora, na ina utaratibu wa unafuu kwa wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia kemikali za viwandani na majumbani kwa sheria ya mwaka 2003. Alama ya ubora haitolewi kwa bidhaa inayobadilika kila ndoo, na ndoo haiwezi kufanana na ndoo bila mizani. Mama asiyepewa kipimo amefungiwa mlango wa supamaketi, wa zabuni ya shule na wa zabuni ya hospitali, hata kabla hajaanza kugonga.

Kwa hiyo halmashauri inayotoa mkopo wa kikundi cha sabuni itoe na sharti: fedha ya kwanza inunue mizani, karatasi za kupimia asidi, glovu, miwani na sanduku la kufuli. Vyote hivyo kwa pamoja ni sehemu ndogo ya mkopo. Mkufunzi anayekuja na vijiko arudishwe akalete gramu. Kila kikundi kiwe na daftari lenye tarehe, aina ya soda ash, uzito wa kila kitu na matokeo, ili anayejiunga kesho asianzie gizani. Na kila chupa inayotoka iwe na karatasi inayoonyesha jina la kikundi, kilichomo ndani, na onyo kwa watoto.

Akina mama hawa tayari wana bidii, wana soko na wana imani ya majirani zao. Wanakorogea uani kitu ambacho viwanda vikubwa hukoroga kwenye matangi, kwa kemia ileile na malighafi zilezile. Tofauti iliyobaki kati yao ni kwamba kiwandani hakuna anayeweka kitu kwenye tangi bila kukipima. Hiyo inaweza kuondolewa mwaka huu, kata kwa kata, na haihitaji mwekezaji kutoka nje.